Doa Nyuma ya Kiti cha Dereva

Mtaa mzima ulimwita Koleza, na hata mama yake mzazi alikuwa ameshazoea kumwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kurudishia rangi kapeti za magari zilizopauka. Kila mteja aliyeuliza kama gari lake litapendeza alijibiwa neno moja tu: tutakoleza. Alikuwa fundi mzuri, na bahati mbaya alilijua hilo, kwa hiyo hakuwa mtu wa kujiuliza mara mbili.

Asubuhi moja shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, alimletea gari bila utani wowote. Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi. Wawili hawa hawakuwahi kusalimiana bila kuchokozana: Koleza akimwita mwenzake mwizi wa dada za watu, na mwenzake akimwita mpaka matope. Siku hiyo shemeji alitoa ufunguo, akafungua mlango wa nyuma, akasema kapeti imepaushwa na jua na anataka iwe nyeusi tii kabla ya Jumamosi. Jumamosi mkewe angetoka hospitali. Alikuwa amelazwa tangu wiki iliyopita, na ndugu waliambiwa tu kwamba amepungukiwa damu.

Koleza akainama kutazama. Jua lina tabia yake. Huanza na sehemu zilizo karibu na vioo, likapausha polepole na kwa usawa. Hapo kwenye vioo kapeti ilikuwa ya kijivu kama alivyotarajia. Lakini nyuma ya kiti cha dereva, chini kabisa ambako jua halifiki hata saa sita mchana, kulikuwa na doa la rangi ya kutu, pana kama sinia, lenye kingo zilizorukaruka.

"Na hili nalo ni jua?" akauliza.

"Ni jua," shemeji akasema.

"Shemeji, mficha uchi hazai. Sema kilichomwagika, nijue ninachotibu."

Aliyasema hayo huku akicheka, kama watu wanavyomwambia yeyote anayemficha mganga ugonjwa wake. Shemeji alimtazama kama mtu aliyezabwa kibao. Kisha akageuka na kuondoka kwa miguu bila hata kuaga.

Koleza akabaki ameshika spana, hajui amekosea wapi. Alifungua boliti za viti, akavitoa kimoja kimoja, na chini ya kiti cha dereva akakuta kiatu cha kike. Kilikuwa kimoja tu, chekundu, chenye kamba ya kifundoni, kipya hata soli haijachubuka. Viatu vya dada yake alivijua vyote: ndala za nyumbani na vile vyeusi vya kazini ambavyo alikuwa akimtania kwamba atazikwa navyo. Dada yake hakuwa mtu wa viatu vyekundu.

Akaenda kuchota maji. Yalipoigusa ile sehemu yenye doa, harufu ikapanda ikamchoma puani: dawa kali ya kufulia nguo nyeupe. Mtu alikuwa amemimina chupa nzima hapo na kusugua. Hakuna anayefanya hivyo kwa sababu ya soda.

Basi moyo wa Koleza ukamaliza hesabu peke yake. Mke yuko kitandani na sindano mkononi, mume anabeba wanawake wa viatu vyekundu. Wakamwaga walichomwaga, akafuta ushahidi, na sasa anamletea kaka wa mkewe amalizie kuufuta. Dharau gani hiyo? Alikasirika, na ile hasira ilikuwa na utamu wake, maana mtu akishajiona yuko upande wa haki huwa hana haja ya kufikiri.

Sasa, kapeti iliyoguswa na dawa ile haitiwi rangi hivihivi. Kuna unga mweupe wa kuzima makali, unaochanganywa na maji na kumwagwa juu yake kwanza. Usipomwaga, rangi itashika siku moja au mbili na kukudanganya. Kisha makali yaliyobaki chini yataila, na doa litarudi baya kuliko lilivyokuwa. Kopo la unga huo lilikuwa rafuni kwa Koleza, limejaa. Alilitazama kwa muda. Kisha akaliacha pale pale.

"Siku za mwizi ni arobaini," akajisemea, "za huyu nitazipunguza."

Angeweza kuuliza. Angeweza kumpigia dada yake simu, wakaongea dakika mbili. Lakini hasira hasara, na hasira ya mtu mwenye ufundi hasara yake ni kubwa zaidi, kwa sababu anajua hasa pa kuharibu. Kazi nyingine yote aliifanya kwa ustadi wake wa kila siku. Aliosha, akakausha, akakoroga rangi kwa maji ya moto, akainyunyiza kwa pampu huku akiisugua kwa brashi, mara kufuata manyoya ya kapeti, mara kwenda kinyume nayo, hadi rangi ikaingia kwenye mizizi. Ilipokauka ilikuwa nyeusi tii, na hata yeye mwenyewe aliipenda.

Shemeji alipokuja kuchukua gari alipiga magoti mlangoni, akapitisha kiganja nyuma ya kiti cha dereva mara nyingi, taratibu. Alipoinuka macho yalikuwa yamemlowa.

"Ahsante, shemeji. Hujui ulichonifanyia."

"Tutaona," Koleza akasema, na njia nzima ya kwenda nyumbani alikuwa akijipongeza kwa jibu hilo.

Jumamosi akajialika mwenyewe kwenda kumpokea mgonjwa. Alichokitaka hasa ni kuwapo dada yake atakapoliona doa na kumgeukia mumewe kuuliza. Kabla ya kupanda gari alichungulia nyuma. Weusi ulikuwa umeshaanza kufifia pale pale. Akakaa mbele na mfuko wa karatasi mapajani, na ndani ya mfuko kile kiatu. Walipofika waliliacha gari juani, vioo vimefungwa, wakaenda kungoja kwenye benchi la wodi.

Dada alitoka akitembea kwa kushika ukuta. Alikuwa amepungua hata shingo imekuwa ndefu, na miguuni alivaa ndala za kuazima. Koleza alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamzidishia chuki kwa yule aliyemshika mkono upande wa pili.

"Kaka, usinitazame hivyo, sijafa," dada akasema. Kisha akamgeukia mumewe. "Kile kiatu changu ulikiona? Kilinivuka uliponibeba. Na ndiyo kwanza nilikuwa nimevinunua, nilivificha hata wewe usivione."

Mume akasema hakukiona. Koleza alisikia karatasi ya mfuko ikilia mkononi mwake kwa jinsi alivyoubana. Alitaka kusema kitu, waingie gari jingine, wangoje kidogo, lakini shemeji alikuwa ameshaufungua mlango wa nyuma.

Doa lilikuwa limerudi, na lilikuwa limepanuka. Joto la mle ndani lilikuwa limeivuta dawa juu, na rangi ya kutu ilikuwa imeila nyeusi yote kuanzia nyuma ya kiti hadi kizingiti cha mlango.

Shemeji alilishika paa la gari. "Lilikuwa limetoka," akasema. "Nilikagua mwenyewe, kwa mkono huu."

Dada akalitazama. Kisha akaingia taratibu na kukaa, na wanaume nao wakaingia mbele, kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya.

"Usimlaumu kaka," akamwambia mumewe. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kwenye mgongo wa Koleza, kwamba mtoto alimtoka hapo, kabla ya siku zake. Walikuwa bado hawajafika geti la hospitali. Hawakumwambia mtu kuhusu mimba hii kwa sababu zile mimba mbili za kwanza waliwahi kuzitangaza, zikaharibika. "Mimi ndiye niliyemwambia akuletee wewe. Nilimwambia asikueleze kitu, na ukiuliza aseme ni jua. Nikasema kaka hatasumbua mtu, ataliondoa tu, nami nitarudi nyumbani nisilione."

Koleza hakuweza kugeuka. Yale maneno ya mficha uchi yalimrudia yote, neno kwa neno, pamoja na kicheko chake.

"Umejitahidi, kaka," dada akaendelea. "La namna hii halitoki, eh?"

Shemeji naye alikuwa akimtazama, akingoja jibu hilo hilo. Lingekuwa jepesi sana kulisema, na wote wawili wangelipokea kwa shukrani.

"Linatoka," Koleza akasema. "Ni mimi niliyeliacha. Nilijua litarudi."

"Kwa nini?"

"Nilidhani mumeo..." Hakumalizia. Akauweka mfuko kati ya viti, dada akaufungua, akakiona kiatu chake. Alikaa nacho mkononi kitambo, akielewa jambo moja baada ya jingine. Hakulia.

"Shuka, kaka," akasema.

Aliyasema taratibu, kama mtu anayemjulisha abiria kwamba kituo chake kimefika. Koleza akashuka, akaufunga mlango polepole usije ukamshtua mgonjwa. Gari likarudi nyuma, likageuka, likapita mbele yake. Kupitia kioo akamwona mdogo wake amepandisha miguu yote miwili juu ya kiti na kuikumbatia, asikanyage pale chini.