Waziri wa Kuchumiwa

Mwaka 1959, redio ya duka la Jaha pale Ilomba ilipotangaza kwamba Gideoni Mwasomola ni Waziri wa Uchumi, mama yake, Tusekile, hakuuliza mtu maana yake. Neno alilijua. Alikuwa amechuma kahawa miaka thelathini.

"Serikali imempa mwanangu kuchuma," aliwatangazia majirani. "Nchi nzima!"

Hapo ndipo alipojiponza. Wiki ileile aliteguka mguu, na kahawa yake ilikwisha kuiva. Siku nne zaidi ingedondoka na kuozea chini. Alipoita majirani waje kumsaidia, Atuganile wa ng'ambo ya mfereji alimjibu kwa sauti ya kanisani: "Mama Gideoni, sisi ni nani tumwingilie Waziri kazi yake?"

Hakuja hata mmoja.

Jumamosi Gideoni akafika kusalimia: suti nyeusi, viatu vinang'aa, nyuma yake karani Halfani, mtoto wa pwani, aliyesema Kiswahili kama anakitafuna na tende.

"Umekuja na kikapu?" mama akauliza.

"Kikapu cha nini, mama?"

"Bi mkubwa," Halfani akadakia, "uchumi si kuchuma kahawa. Ni namna nchi inavyopata mali na kuitumia."

"Na inaipata wapi kama haichumi?"

Halfani akamgeukia Waziri wake.

Gideoni alikuwa na hotuba ya kurasa kumi na moja, kahawa imetajwa kila ukurasa. Utotoni, kila msimu wa kuchuma alishikwa na tumbo, mpaka wakampeleka shule wapumzike na kelele zake. Ndivyo alivyoanza kulitumikia taifa.

Akavua koti, akaingia shambani. Majirani wakajipanga kando kutazama. Baada ya saa nzima mama akatia mkono kikapuni: kahawa mbichi, majani, na kifungo cha shati.

"Hata iliyoiva huijui!"

Atuganile alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akajifunga kanga kiunoni. "Mtoeni humo kabla hajang'oa na miti!"

Wenzake wakamfuata na vikapu. Kufika jioni, hapakubaki hata punje nyekundu mtini.

Waziri alipewa kazi ya kuwachotea maji ya kunywa. Alipopita na ndoo, mama alimgeukia Halfani.

"Huko Dar es Salaam mwandike vizuri. Huyu si Waziri wa Kuchuma. Ni Waziri wa Kuchumiwa."

Halfani alitafuta kosa la sarufi, asilione.