Sidii ya Banda la Kuku

Mwaka ule wa 2008 intaneti ilinijia kama maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, kutoka juu. Hosea, jirani yangu wa upande wa mlimani, ana nyumba ya kulaza wageni wanaopanda Kilimanjaro, na kwa ajili yao aliweka antena juu ya bati. Neno la siri alinipa bure. Nami nikachomeka kwenye kompyuta yangu kidude kidogo kama kiberiti, kinachonasa mawimbi yake, na tangu hapo nasoma magazeti ya dunia nzima sebuleni kwangu, hapa Marangu.

Jumamosi ninayoisimulia haikuwa ya magazeti. Binti yetu Gladness alikuwa amejifungua huko Norwei, na saa kumi jioni angemwonyesha mama yake mtoto kwenye kioo cha kompyuta. Mke wangu Eunike hakuwa amemwona mjukuu huyo hata kwa picha. Tangu asubuhi alikuwa amefuta vumbi sebule nzima, kompyuta ikiwemo, halafu akavaa kitenge cha kanisani na kukaa kusubiri.

Saa nane nikawasha kompyuta. Mtandao hakuna.

"Hosea amefunga," nikasema.

"Kwa nini afunge?"

"Kwa sababu ya Jumatano."

Jumatano, kwenye kikao cha mfongo, nilimwambia mbele ya watu kwamba anachukua maji siku isiyo zamu yake. Na huku kwetu maji yasipofika, mtu haanzi kukagua shamba lake. Anatazama juu, kwa aliye karibu na chanzo.

"Basi panda ukamwombe radhi," akasema Eunike.

"Niombe radhi kwa kusema kweli?"

"Hiyo kweli yako itanionyesha mtoto?"

Nikapanda. Hosea nilimkuta uani kwake, anaanika viatu vya wageni.

"Shimbonyi, mbe!" akanisalimu kwa Kichagga.

"Umenifungia intaneti?"

"Mimi? Aminieli, hata kuifungua sijui! Aliifungua fundi kutoka Moshi mjini."

"Wageni wako wanaipata?"

"Yule kijana pale anaongea na mama yake tangu saa saba. Mlima umemtoa kamasi, sasa anashtaki nyumbani."

Hosea akachukua laptopu yake, tukashuka wote. Akaiweka mezani kwangu, ubavuni mwa kompyuta yangu. Mtandao ukaja, mistari ya mawimbi imejaa.

"Maji yanafika shambani kwako," akasema. "Aliyefunga yuko humu humu ndani."

Hapo hasira ikanitoka, nikabaki na hamu ya kujua. Nikafungua ukurasa unaoorodhesha vifaa vyote vya kompyuta. Kimoja kilikuwa na alama ya mshangao ya njano. Nikabofya, nikakisoma Kiingereza chake polepole, neno kwa neno, kama tulivyozoezwa kwenye masomo ya jioni ya watu wazima. Kidude kipo, draiva hakuna.

"Draiva ndiye nani?" akauliza Eunike.

"Ni maelekezo yanayoifundisha kompyuta kukitumia kidude. Bila hayo inakiona tu, haijui wataongea lugha gani."

"Yanatoka wapi?"

"Kwenye sidii iliyokuja nacho."

"Na sidii iko wapi?" akauliza Hosea.

Mimi na Eunike tukatazamana, kisha tukatazama dirishani. Juu ya banda la kuku zilining'inia sidii tatu, zikizunguka na kumetameta juani, zinamtisha mwewe asichukue vifaranga. Nilizitundika kwa mkono wangu mwenyewe.

Hosea akacheka mpaka akatafuta kiti. "Mwewe wa hapa kasoma, jamani! Keshajifunza draiva yote!"

Tukaishusha ile ya kidude, nikaiosha kwa sabuni, nikaifuta kwa kitambaa laini. Ilikuwa imechubuka vibaya. Kompyuta ikaimeza, ikakoroma, ikaitema. Eunike akashika shavu, akageukia ukutani.

Lakini kulikuwa na jambo linaniwasha. Sidii hiyo ilikuwa bandani tangu masika, na jana tu nilisoma magazeti. Kwa hiyo jana kompyuta iliyajua maelekezo hayo. Ingeyasahauje kwa usiku mmoja?

"Mama Gladness, ulipofuta vumbi, hiki kidude ulikifanya nini?"

"Nilikichomoa, nikafuta, nikakirudisha. Halafu nikaiwasha nione kama sijaharibu. Ikaniuliza maswali ya Kiingereza, nikaikatalia, nikaizima."

"Ulikirudisha tundu lilelile?"

"Kwani hayafanani?"

Yanafanana kabisa. Nikaizungusha kompyuta. Kidude kilikuwa tundu la juu, na mimi siku zote hukiweka chini, jirani na waya wa kipanya. Nikakihamisha. Taa yake ya kijani ikapepesa, na pembeni mwa kioo mistari ikapanda.

"Ina maana inamtambua mtu kwa mlango alioingilia?" Hosea akaniuliza, ameinama kando yangu. "Sura haitazami?"

"Inaelekea hivyo. Akipitia mlango mwingine, inaanza upya kumuuliza jina."

"Ajabu! Hebu kirudishe kule juu tuone."

"Nyie wazee wawili," Eunike akasema, "tokeni nyuma ya meza hiyo kabla sijachukua fagio!"

Saa kumi mtoto akatokea, amelala, mdomo wazi. Eunike akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akaanza kumsemesha kwa Kichagga. Kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kumkatiza, hata Gladness.

Nikamsindikiza Hosea hadi kwenye mfongo.

"Kuhusu Jumatano," nikaanza.

"Jumatano nilichukua maji nje ya zamu," akasema. "Wageni walijaa, na tangi lilikuwa tupu. Ulisema kweli."

"Ningeweza kukuambia pembeni."

"Hilo ungeweza."

Akavuka, akapanda kwake. Mimi nikarudi haraka, maana nilikuwa nawaza yale matundu mengine. Labda kila moja lingeuliza swali lake. Eunike alikuwa amemaliza maongezi, yuko jikoni anaimba. Nikanyoosha mkono taratibu nyuma ya kompyuta, nikapapasa.

Yote yalikuwa yamekwisha kuzibwa kwa plasta ya kidonda, isipokuwa lile moja la kidude.