Chumba Alichokifunga Gudrun

Tangu wamzike Anselm, mkewe Gudrun hakudondosha chozi hata moja. Watu wa mji wao wa Kempten, Ujerumani, walimsifu pale makaburini kwamba amejikaza kweli, naye akawaacha waamini hivyo. Kujikaza wapi! Hakuwa na cha kukaza. Ilikuwa ganzi tupu, mwili mzima, kama shavu la mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akiwekewa chakula alikula, usiku alilala kwenye kochi la sebuleni, na siku zikapita hivyo.

Kilichobaki ni kitu kimoja tu, nacho ni harufu. Chumbani mwao kulinuka Anselm: dawa aliyochulia bega kila usiku, tumbaku ya kiko, na jasho la fundi wa vigae. Kila alasiri Gudrun aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akakaa ukingoni mwa kitanda na kuvuta pumzi. Hata humo hakulia. Ila kifua kilimlegea kidogo, akajua kwamba bado ni mtu. Aliogopa siku harufu hiyo itakapokwisha, kwa sababu baada ya hapo hakujua angebaki na nini.

Kwa hiyo dirisha la chumba kile hakulifungua tena. Na kule kwao, jamani, huo ni wazimu wa kuitiwa kikao cha ukoo! Kule watu wakiamka, kabla hata ya kahawa, madirisha wazi, iwe mvua iwe theluji. Ukiumwa kichwa, fungua dirisha. Ukigombana na mumeo, fungua dirisha. Hewa iliyolala ndani ndiyo mama wa maradhi yote, na anayebisha atafute mji mwingine.

Aliyekuja kumwangalia alikuwa mama mkwe wake, Kreszentia, mama mzazi wa Anselm, ambaye wote walimwita Zenta. Alishuka kwenye treni na begi lililojaa maua makavu ya kuchemshia chai, chumvi ya kuogea miguu, na mfuko wa mpira wa maji moto. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na huyu alikuja kuponya kwelikweli.

"Umekonda, mwanangu! Unakula nini, hewa? Na hewa yenyewe ya humu mbovu!"

"Nakula, mama."

"Unakula! Hebu jitazame. Sasa nisikilize. Sikwambii ujikunjekunje kama wale wa kwenye televisheni, wala ukanyanyue vyuma. Vitu vidogo vidogo tu, kila siku. Mwili ni kama ng'ombe wa maziwa, unataka saa yake na mkono ule ule."

Basi asubuhi akammiminia maji baridi mikononi mpaka viwikoni, na kumkataza kujifuta. Mchana supu ya mifupa. Jioni miguu kwenye beseni, chai ya maua, taa zizimwe mapema. Gudrun alifanya yote bila ubishi. Maji baridi hayakumshtua wala ya moto hayakumstarehesha.

"Na kile chumba?" Zenta aliuliza, akikielekezea kidevu. "Mbona kimefungwa hivyo?"

"Kile usihangaike nacho, mama. Nitakishughulikia mwenyewe."

Alisema kwa upole, na hapo ndipo alipokosea. Kule mtu akikwambia usihangaike, maana yake anaona haya kukuomba. Zenta aliitikia kwa kichwa, na moyoni akapanga kumtua maskini huyu mzigo wake.

Alhamisi, baada ya chakula, akamvalisha koti na kumsukumia mlangoni. "Nenda utembee mpaka mtoni. Usirudi kabla mashavu hayajawa mekundu!"

Gudrun akatembea kando ya mto Iller, akaangalia bata, akarudi. Alipofika chini ya nyumba yao akainua macho. Madirisha yote yalikuwa wazi. La chumbani lilikuwa wazi pia, na mfarishi wa kujifunikia wa Anselm ulining'inia nje pamoja na sweta lake la sufu, vikipigwa upepo. Hakukimbia. Alipanda ngazi kama siku zote, kwa kuwa hakukuwa na cha kuwahi tena.

Bafuni mashine ilikuwa ikifua mashuka na mashati. Chumbani Zenta alisimama na kitambaa cha vumbi, uso umemng'aa.

"Haya, vuta pumzi sasa! Si unaona tofauti?"

Gudrun akavuta. Akasikia harufu ya theluji, na vitunguu vya jirani vinavyokaangwa. Basi.

"Humu kulikuwa na harufu yake," akasema. Sauti ya kugombeza hakuwa nayo. "Ya Anselm. Ndiyo maana nilifunga, mama. Nilikuwa naingia kumnusa."

Kitambaa kikamponyoka Zenta. Akaruka dirishani na nyonga zake mbovu, akauvuta mfarishi na sweta ndani, akalibamiza dirisha, akakimbilia la jikoni, na la sebuleni, akibamiza moja baada ya jingine. Bibi wa watu! Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse hewa. Akarudi akaketi kitandani, akazika uso kwenye sweta.

"Sisikii kitu," akasema. "Mwanangu, sisikii kitu. Niliingia humu nimebana pua, nikaenda moja kwa moja dirishani. Mimi ndiye niliyemzaa, na sikumnusa hata mara moja!" Akaanza kulia kwa kwikwi.

Gudrun alisubiri hasira ije, haikuja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi ndiye huyo mbele yake. Akamchukulia sweta mikononi. Akanusa mikono ya sweta, makwapa, kifua, na kola kuzunguka. Lilinuka sufu na baridi tu.

"Hapa," akasema, akiweka kidole kwenye kola. "Ipo kidogo. Vuta taratibu, mama, usiimalize."

Zenta akafumba macho, akaweka pua pale alipoonyeshwa, akavuta kidogo, akatulia, akavuta tena.

"Eeh," akanong'ona. "Eeh, ndiye. Ndiye kabisa. Na wewe unaisikia?"

"Naisikia, mama," Gudrun akasema, akamshikia ile kola isiteleze.