Mshono Usio Wangu

Vumbi la uani kwetu halifichi kitu. Asubuhi, jua likipenya chini ya geti la bati, huonyesha kila kilichopita: kucha za kuku, kandambili za wifi yangu, tairi pana la pikipiki yako. Na pembeni mwa tairi, siku hizi, michirizi miwili mirefu, mmoja huku na mmoja kule, kama kuna mtu aliyekokota mzigo uliomshinda kubeba.

Niliiona, nikaifagia. Nilikuwa na mengine ya kukushuku.

Mimi ni fundi wa viti vya pikipiki, baba watoto, na cherehani yangu imenifunza watu kwa makalio yao, Mungu anisamehe. Wenye kruza ndio hunisimulia zaidi. Zile pikipiki ndefu za kulala chini, tangi nono, usukani mpana, zinazokohoa polepole kama mwenye nyumba. Anayetaka nyuzi za ngozi zining'inie kwenye usukani anatamani atazamwe. Anayetoboa bomba la moshi ana jirani anayemkera. Yule mwalimu mpole aliyetaka njumu za chuma za kung'aa kiti kizima, nilijua kabla ya mkewe kwamba amechoka kuwa mpole. Kruza haichaguliwi bure.

Basi nawe ukaja na yako. Nyeusi, tupu, haina urembo hata wa kusingiziwa. Ile ya zamani, iliyoinuka juu, yenye miguu ya korongo, uliyokuwa ukiirukia kama kijana, umeiuza bila kunishauri. Nikakuuliza kulikoni.

"Umri, mama watoto," ukasema. "Nataka kukaa kama mtu mzima."

Ukacheka, ukatazama pembeni. Mimi nikatazama kiti cha nyuma. Kipana, kinene, na egemeo lake la kupumzishia mgongo. Mgongo wa nani? Mimi hukunikaribisha hata siku moja.

"Wifi, kaka yangu namjua," dada yako akaniambia, akivuta stuli karibu na cherehani. "Mwanamume hanunui siti ya kuegemea ili apakie upepo. Fungua macho."

Nikamwambia aache umbea. Kisha nikayafungua.

Nikayafungua mpaka yakauma. Nilinusa koti lako, nikakuta petroli na jasho. Ulianza kulala mchana, wewe uliyekuwa ukiwacheka wanaolala mchana. Nikajiuliza, kinachomchosha ni nini? Kikombe kikakuponyoka mezani, nikasema akili yake haiko hapa. Ukawa unapita ukumbini umeshika ukuta, taratibu, nikadhani unanyata. Mtu ananyata vipi ndani ya nyumba yake, kama si mwizi? Nami nilikuwa nimeshajua unachoiba. Kruza haichaguliwi bure.

Kisha nikauona mshono.

Ulikuwa umelala, jua la mchana limesimama katikati ya uwanja, nami ninafuta vumbi kwenye pikipiki yako kwa kisingizio cha usafi. Kiti cha mbele kilikuwa na mshono mpya. Wangu huinama kidogo kuelekea kulia na humalizika kwa kurudi nyuma mara mbili. Mkono wangu ndivyo ulivyo. Huu ulinyooka tu, baridi, hauna mwenyewe.

Moyo ukanilipuka. Mwanamke mwingine ningemtukana, nikalia, yakaisha. Lakini fundi mwingine? Una cherehani chumbani kwako, ukapeleka kiti kwa watu?

Nikachukua kiwembe.

Nilianza na cha nyuma, maana ndicho nilichokuwa nakilinda. Kiti kilichokaliwa hubaki na kishimo, hata aliyekikalia awe mwembamba vipi. Nikapitisha kiganja. Kimevimba vilevile kilivyotoka kiwandani, na vumbi limelala juu yake sawasawa. Hakuna mtu aliyewahi kukaa pale.

Ndipo nikafumua cha mbele. Sponji ilikuwa imechongwa, imepunguzwa mpaka karibu na bati. Kazi hiyo naifahamu. Huwafanyia wafupi, ambao vidole vya miguu haviifikii ardhi. Lakini wewe huinama kupita mlangoni kwetu. Niliwahi kumfanyia pia tarishi mmoja mzee, aliyeniomba kwa sauti ya chini: "Punguza, mama, mpaka nyayo zote mbili zikae chini. Miguu yangu siku hizi hainisikii." Nikamtania kidogo, asione haya.

Nikakaa pale pale vumbini, kiwembe mkononi. Michirizi miwili. Ukuta. Kikombe. Usingizi wa mchana. Ewe mume wangu, nililinda kiti cha nyuma, kumbe unaniponyoka kwenye cha mbele! Niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mwanamke yeyote, na bado nikamwonea wivu yule fundi, kwa kuwa alijua kabla yangu.

Alikuwa amechonga kwa haraka, akaacha nundu upande wa kushoto. Nikaisawazisha. Nikashona upya, mshono wa kuinama, nikarudi nyuma mara mbili.

Ukatoka ukiwa umeshika ukuta, na safari hii sikuita huko kunyata. Ukapitisha kidole kwenye kiti. Kidole kikasimama.

"Umeona," ukasema.

"Nimeona."

"Sikutaka unishonee kwa huruma."

"Nimekushonea kwa hasira. Twende hospitali."

"Kesho, mama watoto. Ni uchovu tu."

"Huo uchovu nao naushuku. Leo."

Ukanitazama, kisha ukatia ufunguo kwenye pikipiki. Nikapanda nyuma, nikaegemea.

"Na hili egemeo ulimwekea nani?"

"Ilikuja nalo," ukasema, na mabega yako yakatikisika kwa kicheko. Sijakuamini bado.

Tukatoka polepole, karibu mwendo wa mtu atembeaye. Ulipoyumba, nikashusha miguu yangu pamoja na yako, ikaburuta. Getini nikageuka. Jua lilikuwa limeinama juu ya uwanja, na vumbini, kutoka mlangoni mpaka tulipo, kulikuwa na michirizi minne.

Wifi alikuwa ameshashika ufagio. Nikampigia kelele auache.