Nati Iliyosema Karibu

Usiku wa jana niliota nimeamshwa na sauti ndogo jikoni, adhana ya alfajiri bado: fff, fff, fff, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Nyumba hii tunaishi wawili tu, mimi na mjukuu wangu Semeni, na Semeni hagusi chai mpaka jua litoke. Nikajifunga kanga, nikaenda kutazama.

Juu ya kibao changu cha mbuzi ameketi mashine ya upepo, zile wanazojazia matairi kwenye gereji. Ni mwekundu, tumbo la mviringo kama pipa, magurudumu mawili nyuma na mguu mmoja mbele. Amekizungushia mpira wake kikombe changu, anaipoza chai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeingiaje?"

"Nilipuliza kitasa. Unisamehe, sikubisha hodi. Nilisikia chai hukuunguza ulimi kila asubuhi, nikaona niwahi."

Nikaionja. Ilikuwa ya uvuguvugu, vilevile ninavyoipenda. Mgeni wa namna hiyo hafukuzwi.

"Nimekuja kuposa," akasema.

Sikushangaa. Semeni anatengeneza magari hapa hapa uani kwetu, chini ya bati alilolisimamisha mwenyewe, na bega lake la kulia limechoka. Nati za magurudumu zimelimaliza. Muuguzi alimwambia akiendelea kuvuta ile spana ndefu kwa mkono, bega halitarudi, na kazi ataiacha. Nyumbani uwezo wetu ni wa mashine moja: ama ya upepo, ama spana ya betri, ile inayozungusha nati yenyewe. Asubuhi mjomba wake anakwenda mjini kununua. Semeni alishindwa kuamua, akaniambia wakati wa kulala, "Mke mwenzangu, nichagulie wewe. Mume wetu marehemu ulimchagua vizuri." Ndivyo tunavyotaniana, bibi na mjukuu.

Basi nikavuta kigoda, nikamhoji mposaji.

"Una nguvu gani?"

"Za farasi wawili."

Akafungua kilango ubavuni. Ndani wamesimama farasi wawili, wanene, wamechanwa singa vizuri. Wakaniamkia kwa kuinamisha vichwa.

"Wanakula nini?"

"Umeme, bibi."

"Umeme wa hapa huja na kuondoka."

Farasi wakaacha kutafuna, wakatazamana.

"Na wewe mwenyewe, ulaji wako?"

"Mimi nikishiba najizima. Tumbo likijaa upepo, siongezi hata pumzi moja."

Nimelea watoto, nikalea na wajukuu, na hakuna aliyewahi kunipa jibu hilo. Nikamwongezea alama moyoni.

"Mabaya yako?"

"Nina kelele. Nikianza kula, kitoto cha jirani kitaamka. Siendi mbali, mpira wangu unaishia pale kwenye mpapai. Na lazima nipumzike katikati ya kazi, la sivyo tumbo linachemka. Kufungua nati nafungua, lakini mpaka nivalishwe kichwa cha kufungulia."

Nimekaa kwenye posa nyingi. Sijapata kusikia mposaji akitaja mabaya yake bila kubanwa. Nilitaka kumpa binti papo hapo.

"Hodihodihodihodihodihodi!"

Sahani zikatetemeka kabatini.

"Karibu, karibu, inatosha!"

Akaingia spana ya betri. Mdogo, mweusi, shingo fupi, anaruka kwa mguu mmoja mnene, na huo mguu ndio betri.

"Shikamooshikamooshikamoo, bibi!"

"Marahaba moja inakutosha. Mguu wa pili uko wapi?"

"Uko kwenye chaja. Huu ukichoka nauvua, navaa ule."

"Na umeme ukikatika?"

"Nitakuwa nimeshakula, bibi. Mimi hula nikilala."

Mashine ya upepo akamtazama kwa upole. "Kijana hodari," akasema. "Ila kazi anajua moja tu."

"Moja, lakini naifuata ilipo," akajibu mdogo. "Wewe unasubiri gari lije kwako kama mzee wa harusi."

"Msitukanane nyumbani kwangu," nikasema. "Kunyweni chai."

Naweka kikombe mezani, na meza ni gurudumu la gari. Tumo ndani yake. Hatupo tena jikoni. Ni la gari la mteja ambalo Semeni alishindwa kulifungua gurudumu; gari hilo linambeba mgonjwa wa figo kwenda kliniki, na mteja analihitaji leo. Mbele yetu wamekaa duara wanawake watano wa chuma, kila mmoja juu ya bolti yake. Ni nati. Wamejifunga kanga zenye rangi ya kutu.

Wanne wamelegea, wanapiga soga. Wa tano amekaza, kajikunyata mpaka shingo haionekani.

"Huyu ni Bi Nati," wenzake wakanieleza. "Ndiye aliyemuumiza mjukuu wako."

Nilimsogelea ili nimkaripie. Kumbe alikuwa analia.

"Nililisikia bega lake likilia," akasema. "Binti mpole yule. Hata aliposhindwa hakunitukana, alinifuta vumbi akaniambia 'pumzika, mama'. Ningependa kumtokea, lakini sijui kutoka."

"Kutoka tu kunakushinda?"

"Nimelelewa kwa heshima, dada. Kila anayekuja huanza kwa hodi. Mtu akisema hodi, mimi nisemeje?"

"Karibu."

"Basi. Na nikisema karibu, najisogeza ndani nimpishe mgeni."

Mashine ya upepo akatangulia. Alimpuliza taratibu, kuanzia kichwani mpaka magotini, kutu ikaruka kama pumba za mpunga. Akamdondoshea tone la oili mapajani, akangoja liingie. Hakumharakisha. Bi Nati akafumba macho.

"Asante, baba. Miaka mingi sijaogeshwa."

Lakini hakutoka. Na farasi walikuwa wameshaketi chini, wanapumzika.

Ikawa zamu ya mdogo. Akajivika kichwani mwa Bi Nati, akaanza, "Hodihodihodihodi!"

"Karibu, karibu, karibu!" anajibu Bi Nati, na anazidi kuingia. Krrr. "Karibu, karibu!" Krrr. Naona shingo ya bolti inajikunja. Ikikatika hapa, gari halitoki leo, na Semeni atalihangaikia tena kwa bega lile lile.

"Acha!" nikapiga kelele.

Akaacha mara moja. Hilo pia nililiona: kijana mwenye nguvu vile, na anasikia neno moja.

"Nimekosea wapi, bibi? Nimebisha hodi kwa adabu zote."

Nikakaa chini nikafikiri, sina haraka mimi. Nikajiuliza, mwenye nyumba hutoka lini nje kwake, kwa miguu yake mwenyewe, bila kuvutwa? Hatoki mgeni anapobisha. Hutoka mgeni anapoaga.

Shingoni pa kijana palikuwa na kitufe. Kilikuwa kimeelekea upande wa kukaza. Nikakisukuma upande wa pili.

"Sasa sema."

"Kwaherikwaherikwaherikwaheri!"

Bi Nati akashtuka. "Ha! Mnaondoka mapema hivi? Hata maji hamjanywa! Ngojeni basi niwasindikize."

Akanyanyuka. Akaja anazunguka, anazunguka kwenye bolti, na kama kawaida ya msindikizaji, habari zote alizozisahau ndani akazikumbukia njiani: harusi ya nani, mvua ya mwaka gani, barabara ya wapi ina mashimo. Tulipofika mwisho wa bolti alikuwa bado anaongea. Akatazama huku na huku.

"Jamani," akasema. "Niko nje."

Wale wanne wakapiga vigelegele. Mimi nikamchukua kiganjani. Alikuwa wa moto, amechoka, mwepesi kuliko nilivyodhani.

"Wakati wa kumrudisha Bi Nati," nikamwambia kijana, "wewe utamfikisha mlangoni tu. Kumkaza mwisho ni kazi ya mkono wa Semeni. Wewe hujui kuacha usipoambiwa."

"Sijui, bibi," akakiri. "Nitashukuru nikiambiwa."

Sasa tuko uani, na mimi nimesimama katikati ya wawili wale, natafuta maneno. Kumkataa mtu mwema ni kazi nzito kuliko kumkataa mwovu. Mashine ya upepo akaniokoa.

"Usihangaike, bibi. Bega la Semeni haliwezi kungoja farasi waamke. Mpe huyu. Matairi Semeni atayajaza kwa pampu ya mguu. Mguu wake mzima."

"Huna kinyongo?"

"Kinyongo ni upepo uliokaa sana tumboni. Mimi nina kifunguo cha kuutoa."

Akaufungua. Fffff. Akamwekea mdogo gurudumu begani, kama kaka. Kisha akaondoka polepole, anaupuliza uwanja mbele yake, ili nisipate shida ya kufagia. Nilisimama nikimtazama mpaka nikasahau kumwambia asante.

Nikaamka. Semeni alikuwa mlangoni, mkono wa kulia ameubana kifuani kama kawaida.

"Mke mwenzangu, mjomba kashawasha gari. Tununue ipi?"

"Ya betri. Na uangalie kitufe cha shingoni kabla hujaanza."

Akashusha pumzi, mabega yote mawili. "Nilihofu utasema ile kubwa. Watu wazima mnapenda vitu vya tumbo."

"Ile kubwa imekataa yenyewe, kwa ajili ya bega lako."

"Bibi, na wewe!" Akacheka, akamwita mjomba wake dirishani, akamwambia ni ya betri. Gari likaondoka. Kisha akaja kuninyanyua kitandani, kwa mkono wa kushoto, na mkono ukasimama njiani.

"Mto wako umefanywa nini?"

Mto wangu ni wa sufi, na tangu alipofariki babu yake umelala bapa kama chapati. Sasa ulikuwa umetuna, mgumu, pembe zote nne zimesimama. Semeni akaubonyeza kwa kidole. Haukubonyea.

"Huu umejazwa upepo," akasema, na alisema kwa sauti ya kifundi, bila utani. "Tena umejazwa vizuri. Haukuzidishwa."

Nikauchukua mapajani. Nikaukandamiza kidogo pale kwenye mshono, na ukatoa pumzi ndefu, ya taratibu, ya uvuguvugu.

Semeni akasogeza sikio. Sote wawili tulisikia.

"Bibi," ulisema upepo, "ukipata nafasi, na wewe njoo dukani unitembelee."