Mikono Miwili kwenye Darubini

Kalisti aliteremka kwenye basi akiwa amelishika jani la isale mbele ya kifua, kama mtu anayebeba mshumaa kwenye upepo. Tangu stendi ya Moshi abiria walikuwa wamebanana kumpa nafasi, wala hakuna aliyemwuliza kitu. Mchagga akimwona mtu mzima na jani lile mkononi anajua anakwenda kuomba msamaha. Na yule anayepelekewa, mkono wake ukishaligusa, hana ruhusa tena ya kukataa.

Kaka yake Wenseslaus alikuwa mlinzi wa hifadhi ndogo ya ndege kando ya bwawa. Alimkuta ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ameelekeza majini darubini kuukuu yenye kioo kimoja kizima.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Keti taratibu, utanifukuzia ndege hawa, mwari."

Hakugeuka. Lakini jani alikuwa ameliona, kwa maana mkono wake wa pili, uliokuwa umelala gotini, ulipanda nao ukaishika darubini.

Kosa lilikuwa la Kalisti, naye hakulibishia. Wenseslaus alipokuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, Kalisti aling'oa masale yote ambayo baba yao aliyapanda kuwa mpaka wa vihamba vyao, mashamba ya urithi, akasogeza kahawa yake upande wa kaka. Wenseslaus alirudi likizo, akaona. Hakupiga kelele. Alikunywa maji kwa mama yao, akasema hatakanyaga tena pale hadi masale yasimame yalipokuwa.

Sasa mama alikuwa amefariki, jana alfajiri. Usiku wake wa mwisho alimwambia Kalisti, "Usimpelekee kilio changu. Mpelekee isale. Akija kwa sababu nimekufa, mkishanizika ataondoka tena. Nataka aje kwa sababu amekusamehe." Kwa hiyo Kalisti alikuwa na jani mkononi na msiba mdomoni, na msiba haukutakiwa kutoka kwanza.

"Unamwona yule anayepiga mbawa bila kwenda popote?" Wenseslaus aliuliza. "Mdiria huyo. Ngoja atumbukie."

"Namwona."

"Humwoni. Unatazama mikono yangu."

Kalisti alicheka bila kupenda. Kaka naye alitikisika mabega kidogo, lakini vidole havikuachia.

"Umelichuma wapi? Kwetu si uliyang'oa yote?"

"Kwa jirani, kwa mama Odilia."

"Loo! Hata jani la kuombea msamaha unaazima!"

Jua lilipanda. Mnandi walikaa kwenye miti mikavu, wametandaza mbawa kama nguo zilizoanikwa. Jani lilianza kulegea, Kalisti akateremka kulichovya majini, mwari wakaruka wote kwa pamoja.

"Nilikwambia nini?" Wenseslaus alifoka, darubini ikiwafuata. Baadaye akasema kwa sauti ya chini, "Mwambie mama nitakuja masale yakirudi."

"Nimeyapanda, kaka. Mstari uleule wa baba."

"Lini?"

"Jana jioni, wakati vijana wanachimba…"

Kalisti alifunga mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Wanachimba nini?"

Kalisti alitazama maji.

"Kalisti. Vijana wanachimba nini kwetu?"

Darubini iliteremka yenyewe, ikaning'inia kwa kamba yake kifuani. Mikono ya Wenseslaus ilianguka magotini, viganja juu, wazi. Ilikuwa mitupu kabisa. Kalisti angeweza kulilaza jani pale, na desturi ingemaliza kazi iliyobaki. Aliinyoosha mikono yake, akaitazama ile ya kaka yake, akairudisha.

"Alinitaja?"

"Kila siku."

"Pasaka alimtuma mtu aje kuniita." Wenseslaus alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Nikamjibu siwezi kuondoka, mwari wana makinda."

Mwari walikuwa wanarudi mmoja mmoja, wakitua kwa kukokota miguu juu ya maji. Hakuna aliyewatazama.

"Mnazika lini?"

"Kesho."

Wenseslaus aliivua darubini shingoni, akaitundika kwenye msumari wa kibanda chake, akafunga mlango. Kisha akasimama mbele ya mdogo wake.

"Nipe hilo jani."

Kalisti alilitoa kwa mikono miwili.

"Silipokei," Wenseslaus alisema. "Nisikilize vizuri, usije ukasema nililipokea. Ninaliazima. Na mimi nina mtu wa kumwomba."

Kwenye basi alilishika mbele ya kifua, wima, ingawa ncha yake ilikuwa imekwisha kunyauka. Abiria walipomwona walisogea, wakampisha dirishani. Kalisti aliketi pembeni yake, mikono mitupu, hajui aiweke wapi, hadi taa za Moshi zilipoanza kuonekana.