Barua Pepe Kutoka kwa Marehemu Jerotich

Wiki sita baada ya kumzika Jerotich kwenye makaburi ya Rookwood, Jumanne saa nane mchana, alinitumia barua pepe.

"Kendi, fungua uangalie kama majina yako sawa. Usikawie, my dear." Chini yake kulikuwa na kiambatisho.

Maneno yalikuwa yake, hata hilo "my dear" aliloniudhi nalo kwa miaka tisa. Sisi Wakenya wa Sydney tukifiwa, Jerotich ndiye aliyetengeneza programu ya mazishi, kile kijitabu chenye majina ya jamaa wote. Alitutumia sote tuikague, maana ole wako usahau jina la shangazi mmoja. Ikitoka kwake, tulifungua kabla hata ya kusoma.

Kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, tulishafundishwa. Wezi huingia kwenye akaunti ya mtu, huchukua barua zake za zamani na kuzituma upya zikiwa na virusi. Usifungue usichokitarajia, mpigie simu kwanza aliyekutumia. Haya, nimpigie wapi, Rookwood?

Nilijua ni mwizi. Nilijua kabisa, na bado kidole kilikuwa juu ya kile kiambatisho. Mimi na Jerotich tulikuwa tumekosana, na wiki yake ya mwisho hospitalini sikwenda kumwona, kwa ukaidi wangu tu. Nilitaka awe ameniachia neno, hata la kunitukana.

Nikampigia mumewe, Baba Tevin.

"Imekufikia pia," alisema, kabla sijaeleza chochote.

"Usiifungue, Baba Tevin."

"Nilifungua jana. Laptop yote imelock. Picha zake, videos, everything."

"Hukujua ni scam?"

"Nilijua, Kendi. Si ni mimi nilimzika? Nilidhani labda amesema kitu."

Akaniomba niwaonye wengine, kisha niifute akaunti ya mkewe kabla haijaumiza watu zaidi, kwa sababu yeye hakuweza. Alinisomea nenosiri polepole, herufi moja moja.

Niliwaandikia wote, nikaingia kwenye akaunti yake. Kwenye rasimu kulikuwa na barua moja ambayo haikutumwa, ya wiki ile ya hospitalini. Ndani mlikuwa na neno moja, "Kendi", na mkato.

Nililitazama muda mrefu, nikimngoja aendelee. Kisha nikaifuta akaunti.